Mvua ya Adhabu: Barua kutoka Minneapolis kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Miwani ya kutafakari ni chombo kinachomfunika mtu macho, kikamwonyesha mahali asipokuwepo, kisha kikampima kama ametulia hapo. Kisii na Nyamira kazi hiyo hufanywa na kiti kilichowekwa nje ya nyumba, bila malipo. Minneapolis, ambako Wakisii wamejaa na Januari huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sifuri, kuna kampuni inayompa mtu kadi ya ununuzi dukani ili aje akae kimya. Wazee waliouliza mtoto wao anafanya kazi gani Marekani sasa wamejibiwa.

Miwani yenyewe si ya kushangaza sana: kila jicho lina picha yake, na picha hugeuka kichwa kinapogeuka. Maajabu yako kwenye waya. Kibanio chenye taa hubana kidole, mwanga ukapenya ngozi, na kila pigo la moyo likabadilisha kiasi cha mwanga kinachorudi. Vidole viwili vingine huvishwa kipima jasho, kwa sababu ngozi yenye unyevu hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kifuani hufungwa mkanda wa kupima pumzi. Moyo huongeza mwendo kidogo mtu anapovuta pumzi na kuupunguza anapoitoa. Akipumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, tofauti hiyo huwa kubwa, na kompyuta huihesabu kuwa ni utulivu.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1995 msanii wa Kanada, Char Davies, alionyesha Osmose, ambamo mvaaji alipaa kwa kuvuta pumzi na kushuka kwa kuitoa, akipita msituni hadi ndani ya bwawa. Davies alikuwa mpiga mbizi, na mpiga mbizi hupanda na kushuka majini kwa mapafu yake. Osmose haikumpa mtu alama. Chombo cha Minneapolis hutoa alama.

Kabla ya kuuzwa, chombo hujaribiwa na watu wa kawaida. Mjaribu hutia sahihi fomu na kuhakikishiwa kwamba hapimwi yeye, kinapimwa chombo, maneno ambayo hakuna aliyewahi kukalia mtihani wa KCPE anayeweza kuyaamini. Kisha hupewa kanuni mbili: atulize akili asiwaze chochote, na aseme kwa sauti kila anachowaza. Mjaribu mmoja wa Nyamira, ambaye nyumbani hakuwahi kumaliza hubiri la Sabato bila kutoka nje kwenda kuangalia gari lisilo lake, alizikubali zote mbili.

Mbunifu alipanga hivi: anayetulia huchomozewa na jua, anayehangaika huletewa mawingu na mvua. Kilima kilichoonyeshwa kilikuwa cha kijani, chenye ukungu, na kilifanana na vilima vya Manga vya nyumbani kiasi kwamba mjaribu alianza kutafuta njia ya kwenda kwao. Moyo ukaenda mbio. Kompyuta ikaandika wasiwasi, ikateremsha mvua. Sasa, mvua ya alasiri juu ya mabati ndiyo usingizi wenyewe wa Mkisii: mahindi yako motoni, hakuna wa kumtuma mtu kuchuma majani chai, na mgeni wa kuomba mkopo hawezi kuvuka tope. Moyo ukatulia. Kompyuta ikampongeza kwa kuikata mvua. Moyo ukapanda tena, mvua ikarudi, na wahudumu wakabadilisha mkanda wakidhani umeharibika.

Wasiwasi ukizidi kabisa, radi hupiga. Hapo tu ndipo mbunifu na Mkisii walipokubaliana. Radi ya Kisii huua watu, na hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ikinguruma redio huzimwa. Mjaribu alizima simu, akavua miwani, akang'oa vidole kwenye waya na kusimama mbali na dirisha. Ripoti iliandika kwamba mtumiaji alikatiza zoezi bila sababu.

Sababu ilikuwepo, ila haikuwa na mahali pa kuandikwa. Jasho la kidole huonyesha kwamba mwili umeshtuka. Halisemi umeshtushwa na nini. Hofu, furaha na hamu ya kwao huacha alama ileile kwenye skrini. Dodoso la mwisho liliuliza utulivu kwa namba, kuanzia 1 hadi 7, na mjaribu akaandika pembeni: mvua iwe zawadi, radi iondolewe, na mvumo wa muziki unaosikika kwenye miwani ubadilishwe uwe wa obokano, ala ya Wakisii yenye nyuzi 8 na mngurumo unaotosha.

Kampuni imekubali kusikiliza mvua ya mabati. Kwa hiyo yeyote mwenye simu yenye chaji, kuanzia Keroka hadi Tabaka, anaombwa arekodi dakika 10 za mvua kwenye mabati na kuzituma kwa WhatsApp. Kuku akilia asifutwe. Radi ikianza, simu izimwe.