Wali wa Kusonga

Mapishi ya kwenye simu yana kasoro moja: yanadhani kila nyumba ina mnazi uani. Huku Nyasubi, mjini Kahama, nazi ni mgeni aliyesafiri karibu kilometa elfu moja kutoka pwani, na akifika anadai nauli yake. Mpishi wa simu anamimina tui bila huruma, kisha anakwambia ongeza la pili. Sisi tunatwanga karanga. Karanga zinaingia kwenye mchicha, kwenye nsansa ya majani ya kunde, kwenye michembe, na mwezi ukigoma kuisha, zinaliwa zenyewe na chumvi. Huku hupangi utapika nini halafu ukatafuta vitu. Unafungua stoo kwanza, stoo ndiyo inakupangia.

Wifi yangu hakuyajua haya. Ni mtoto wa Tanga, mke wa kaka yangu, fundi wa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimekula kwake na sina la kusema. Alikuja Juni, wakati stoo zetu zimenona: mpunga umetoka majarubani, na mama kijijini ametupakilia gunia la michembe kwenye basi. Hata hajapumzika vizuri, akanitoa jikoni. "Wifi, kaa chini. Leo baba atakula mapishi ya kwetu."

Baba mwenyewe ni baba yetu mdogo, aliyekuja mjini kufuata dawa za ng'ombe. Kwa mzee huyu chakula ni ugali, vingine vyote ni vitafunwa. Mpe sahani ya wali aimalize, atanawa mikono, atashukuru, kisha atauliza kwa upole chakula kitaiva saa ngapi.

Wifi alianza na michembe. Sasa, viazi vitamu kwetu hukaushwa kwa njia mbili, na anayezichanganya anahatarisha meno ya wenzake. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa; hayo unaweza kuyatafuna hivyo hivyo. Michembe hukatwa ikiwa mibichi: kiazi kinamenywa, kinaachwa kinyauke, kinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vipande vikigongana vinalia. Hiyo sharti ichemshwe. Wifi aliwahi kugawiwa matobolwa na jirani yake mwenyeji wa Maswa, akaona ni kitu kile kile. Akabandika kikaango, akatia mafuta, akamwaga michembe, akainyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Krispi za asili, mzee asindikizie chai.

Baba mdogo akatia kipande mdomoni. Tukasikia mlio. Kwa muda hakuna aliyejua kilicholia ni mchembe au ni jino. Mzee ana adabu, hakutema. Alikihamishia kile kipande shavu la pili, akakaa nacho humo muda wote wa mazungumzo ya bei ya ng'ombe, na kila aliyemuuliza swali alijibiwa kwa kichwa.

Ukaja wali. Mchele wa dukani anaouzoea wifi umekaa miezi ghalani, umekauka, kikombe kimoja kinakunywa maji vikombe viwili na hakuna ugomvi. Wetu ulikuwa umetoka mashineni juzi, wa mavuno ya mwaka huu, na mchele mpya haunywi maji kiasi hicho. Nilifungua mdomo nimwambie apunguze, akanitazama. Nikaufunga. Nani wa Kahama amfundishe Mtanga wali?

Wakati huo mchicha wa karanga ulikuwa kwenye gesi, na gesi ikaisha. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefika huko mwishoni mwake. Ninauunga mkono kwa moyo wote, ila mtungi wangu hausomi mikakati. Tukahamia kwenye mkaa. Wifi akapepea kwa bidii ya mtu anayepandisha merikebu tanga, moto ukawa mkali, na karanga zisipokorogwa kwenye moto mkali zinashika chini. Harufu ilitangulia kuwafikia majirani. Tulihamisha mboga ya juu kwenye sufuria nyingine na tukakubaliana kutokuikwangua ya chini.

Kufunua wali, bokoboko. Ungeweza kubandikia nalo mabango ya uchaguzi. Wifi akashika kiuno, macho yakaanza kulengalenga, na sebuleni mzee alikuwa ameshakohoa kile kikohozi cha njaa. Binti yangu, wa darasa la sita, hakumuuliza mtu. Alirudisha sufuria motoni, akatupia viganja vya unga wa mahindi, akachukua mwiko na kuusonga wali. Akausonga mpaka ukashikana, akaupakua bonge zima, akaulainisha juu kwa maji.

Baba mdogo akanawa, akakata tonge, akachovya kwenye karanga zenye moshi. Akanyamaza. Akakata lingine kubwa zaidi. Wifi alikuwa amepiga magoti pembeni na birika la maji, haangalii juu.

"Mkwe," mzee akasema, "leo ndiyo nimekula. Huu unga mmesaga mashine gani?"

Mimi nikatazama dari.

"Ya hapa hapa mtaani, baba," akajibu wifi, na hakudanganya, maana mpunga tuliukoboa pale pale. Kesho yake mzee aliomba kupelekwa akaione.

Wifi alirudi Tanga na mfuko wa michembe na karanga za kutosha. Kaka anasema sasa mkewe anaipika michembe kwa karanga na tui pamoja. Nimeionja, na inaniuma kukiri kwamba ni tamu. Juzi kanipigia simu, nyuma yake sufuria inachemka.

"Wifi, hizi karanga nizipike mpaka lini?"

"Mpaka zitoe mafuta juu."

"Hiyo ni dakika ngapi?"

Nikamwambia aziulize karanga.