Sarakasi Haina Uficho

Adui mkubwa wa mtu anayejifunza sarakasi hapa Bukama ni jirani. Siku ya onyesho unamhitaji akae mbele, atoe macho, apige makofi. Siku za mazoezi ungependa awe na safari. Lakini faragha ni bidhaa ambayo haijawahi kushushwa kwenye stesheni yetu tangu reli ilipofika mwaka 1918, na sioni dalili kwamba iko njiani.

Ndoto yenyewe niliiokota kwenye simu. Fadhi na Ibrahim, Watanzania wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, wale walioshinda America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024: mmoja amesimama, mwenzake yuko juu yake, utosi kwa utosi, miguu hewani, mikono haishiki kitu. Niliitazama video ile mpaka mega zikaisha. Nikamwonyesha mama kwenye simu ya rafiki.

“Na bakianguka?” akauliza.

“Hawaanguki, mama.”

“Hawaanguki juu kamera iko pale.”

Nikaanza na kusimama kwa mikono, maana hapo ndipo wote huanzia. Kanuni zake hazina fumbo. Mikono upana wa mabega, viwiko vimenyooka, macho yametulia mahali pamoja kati ya viganja. Vidole ndiyo breki: mwili ukitaka kupinduka upande wa mgongo unakandamiza ncha za vidole, ukitaka kurudi ulikotoka unahamishia uzito kwenye kitako cha kiganja. Kanuni hazisemi lolote kuhusu kuku. Ukiwa kichwa chini, kuku wa mama ni mnyama mkubwa ajabu. Anakuja polepole, anasimama, anakugeuzia jicho moja, kisha lile la pili, anafikiri. Halafu anadonoa kucha ya kidole cha kati, kile kile kilichobeba breki yote.

Anayeanza anahitaji pia ukuta wa kuegemeza visigino. Nyumbani kwetu ukuta ulio wazi ni mmoja tu, na nyuma yake analala kambo, ambaye masikio yake ni mazima kuliko ya sisi sote. Kila nikirusha miguu, visigino vinagonga tofali: ko, ko. Sauti inatoka ndani: “Karibu, ingia!” Nashuka, napumzika, narudia. Ko, ko. “Ingia, mulango iko wazi!” Mwishowe alitoka na fimbo yake kumtafuta huyo mgeni mwenye kiburi, akakutana na nyayo zangu usawa wa uso wake. Akazisalimia. Mpaka leo anawasimulia watu kwamba mjukuu wake anabisha hodi kwa miguu.

Ndipo nilipoielewa ile habari ya Tanzania na China. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilituma vijana 20 huko wakasomee sarakasi. Walikaa miaka minne, kisha wakarudi kuunda kikundi cha taifa. Wasomi wanaeleza urafiki wa Nyerere na Wachina, siasa za wakati ule na kadhalika. Sawa. Mimi naamini walipelekwa mbali ili shangazi zao wasiwaone wakianguka. Waliofuata walipata Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na kule Nairobi Sarakasi Trust ilichukua jumba la zamani la sinema, mtaa wa Ngara, ikaligeuza ukumbi. Ukumbi una mlango, jamani, na mlango unafungwa! Mimi nina Lualaba. Meli ikitoka Bukama inaweza kunifikisha hadi Kongolo, zaidi ya kilomita 600 kwa maji, ila China haiko upande huo.

Nikahamia kwenye mchanga wa kando ya mto, alfajiri, kabla mitumbwi ya samaki haijatua. Kumbe alfajiri ile ile kulikuwa na ubatizo. Kundi la waumini lilishuka na nguo nyeupe, wakamkuta kijana peke yake, kichwa chini miguu juu, akizungumza na vidole vyake. Hawakukimbia. Pasta alinyoosha mkono, nyimbo zikapanda, na mashemasi wawili wenye vifua vipana wakanikamata vifundo vya miguu ili kinachonisumbua kisinitoroke. Nisiwe mchoyo wa shukrani: sijawahi kusimama kwa mikono muda mrefu namna ile. Mgongo umenyooka, tumbo limebana, pumzi imetulia. Waliponiachia nikaanguka, wakaitikia “Amina.”

Utosi kwa utosi nilijaribu na mdogo wangu, mchana, uani. Sikuona tena haja ya kujificha. Mama, ambaye amebeba mabeseni ya samaki kichwani tangu ujana wake, alitupa kata yake tuiweke katikati ya vichwa, na bila kuombwa akawa kocha. “Shingo! Usiangalie miguu, miguu inajua njia!” Katika mchezo huu wa juu anakauka kama gogo, na wa chini ndiye anayesogea kumfuata. Mdogo wangu alikauka vizuri kabisa, mpaka mtu alipopita na vitumbua vya moto. Shingo yake ikageuka. Uzito ukaenda kulia, nami nikaufuata kulia. Ukaongeza mwendo, nami nikaongeza. Tukavuka uwanja mzima tukiwa mtu mmoja mwenye miguu minne, na kituo chetu kilikuwa turubai la mihogo ya mama mukubwa, iliyokuwa imekauka tayari kwa kusagwa.

Wateja waliokuwa wakingoja samaki walipiga makofi. Mmoja wao, baba fulani wa Kamina anayeoza binti, alitufuata hadi mlangoni. Anataka tuje kwenye harusi.

Nikamweleza kwamba utosi kwa utosi haujakamilika, unahitaji miezi.

“Hapana, hiyo ya kichwa achana nayo. Nataka ile ya kuanguka.”

Nilikuwa bado natafuta jibu la msanii. Mama alishavuta kiti.

“Kuanguka iko bei moja,” alimwambia. “Kuanguka na mihogo iko bei ingine. Na mihogo munaleta wenyewe.”