Barua ya Wazi kwa Watoa Alama wa Paris

Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD,

Salamu kutoka Afrika Mashariki. Sisi wazima, tunaendelea na semina.

Hongereni kwa alama zenu za jinsia: 0 kwa mradi usiojali usawa, 1 kwa unaoujali pamoja na mambo mengine, 2 kwa uliobuniwa kwa ajili yake. Naipenda sana hiyo 1. Tuseme mfadhili anajenga barabara ya lami ya kupitishia malori ya mizigo. Mwanamke wa hapo anashika njia ya miguu, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Andiko la mradi likipachikwa aya moja kuhusu “wanawake na makundi maalumu”, alama ya 1 inanukia. Na anayeijaza ni mfadhili yuleyule: mtahiniwa kakabidhiwa kalamu nyekundu! Miradi yenye alama ya 2, ambayo ni vigumu kuighushi, ilipata takriban asilimia 4 tu ya misaada ya nchi kwa nchi mwaka 2020 na 2021.

Huku kwetu kuna watu wasio na adabu, wao huuliza shilingi. Tangu 1997, wanaharakati wa mtandao wa jinsia wa TGNP na wenzao Tanzania wamekuwa wakidai bajeti yenye mlengo wa kijinsia: fungu la maji likipunguzwa, ni nani atakayeamka alfajiri kwenda kisimani? Uganda ikavuka mipaka kabisa. Sheria yake ya fedha za umma ya 2015 inataka bajeti iende bungeni na cheti cha kuthibitisha kwamba imezingatia jinsia na usawa.

Poleni, najua cheti hicho hakiwasumbui. Msaada unaopita nje ya bajeti ya serikali haupiti mbele ya wabunge, wala hauulizwi chochote na mtu yeyote wa kijijini. Una gari lake, akaunti yake na mshauri wake. Na haya yanatokea baada ya Azimio la Paris la 2005, mlipoahidi, hapohapo kwenu, kwamba misaada itafuata mifumo ya nchi husika. Labda wino ulikuwa hafifu.

Ombi langu ni dogo. Leteni miradi yenu ndani ya bajeti zetu, fungu kwa fungu, tuone nani ananufaika na kwa kiasi gani, kisha mjipe alama mnayotaka. Bajeti husomwa Juni. Mkichelewa, mtatukuta kwenye semina.

Wenu mtiifu,
Mnufaika Asiye wa Moja kwa Moja