Hotuba Juu ya Insafu Katika Usajili wa Wachezaji wa Raga Mashuleni, Kama Ilivyotolewa na Mjuzi Asiye na Mfano

Waheshimiwa walimu wakuu, makocha watukufu, wazazi mlipao karo, na ninyi wazazi wachache wa safu ya mbele ambao karo zenu hulipwa na wafadhili wasiopenda kutajwa: nakusalimuni kwa taadhima. Nimesimama mbele yenu kwa idhini ya nafsi yangu, madhali hapana chuo duniani kilichothubutu kuifundisha ilimu hii niliyoibuni, nami nikalazimika kujitunuku shahada yake ya juu kabisa, baada ya kujitahini mwenyewe kwa ukali usio na huruma. Wako mahasidi wanaouliza iwapo nimepata hata siku moja kuushika mpira wa raga. Hasha, sikuushika, lakini ni nani aliyemwambia kadhi wa mirathi kwamba hana budi kufa kwanza ndipo ajue kugawa mali ya marehemu?

Tuanze na asili ya mchezo. Hadithi yasema kwamba mwaka 1823, katika shule ya Rugby huko Uingereza, kijana William Webb Ellis aliukumbatia mpira akakimbia nao mbele, kinyume cha kanuni za siku zile, na shuleni hapo liko jiwe linalomsifu kwa kuzipuuza kanuni hizo. Wanahistoria hawaisadiki sana, kwa kuwa aliyeieneza aliiandika mwaka 1876, ilhali Ellis alikwisha fariki mwaka 1872, padri mstahiki, asiweze tena kukiri wala kukana. Lakini uacheni mpira, tazameni usajili! Mama yake, baada ya mumewe kuuawa vitani, alihamia mji wa Rugby kwa sababu watoto wa wenyeji wakaao karibu walisomeshwa katika shule ile pasipo kulipa. Shujaa ambaye Kombe la Dunia limepewa jina lake aliingia shule ya matajiri bure, kwa njia ya kuhama nyumba. Nani basi atakayeniambia kwamba kuhamahama kwa vijana wenye mabega mapana ni bidaa? Ni mwendo wa mwanzilishi mwenyewe.

Zingatieni pia jinsi wakubwa wa mchezo walivyoilinda tohara yake. Wachimba makaa na wafanya kazi wa viwanda wa kaskazini ya Uingereza walipoomba kufidiwa ujira wa siku waliyoikosa kazini kwa ajili ya mechi, mabwana waliolelewa katika shule za kulipia waliona haya kwa niaba yao, wakasema mchezo utanajisika kwa fedha. Hata ikawa mwezi Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini vikajitenga na kuunda chama chao, na ikapita miaka 100 kamili, hadi Agosti 1995, ndipo wakubwa hao walipokubali kwamba mchezaji aweza kulipwa na dunia isipinduke. Mchimba makaa aliyepokea shilingi zake chache alikuwa fisadi. Bali kijana apewaye malazi, chakula, karo ya miaka miwili, koti lenye nembo na tikiti ya ndege, huyo ni mwanachuoni. Mimi kila nikilitafakari jambo hili hububujikwa na machozi ya kustaajabu.

Kanuni zangu ni saba. Leo nitakupeni ya kwanza na ya nne. Zilizosalia zimo kitabuni, nacho chauzwa pale mlangoni.

Kanuni ya kwanza: kijana hasajiliwi, bali huvutwa na ilimu. Chukueni mfano wa kijana wa miaka 17, mwenye kilo 110, aliyekwisha ichezea timu ya kwanza ya shule ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, au aliyetoka mbali zaidi, Tonga au Samoa. Usiku mmoja wa likizo hushikwa na kiu ya kemia, kiu isiyokatika ila katika maabara ya shule fulani ya kulipia, ambayo, kwa sadfa tu, nguzo yake ya skramu imehitimu mwezi uliopita. Nimeichunguza kiu hii kwa makini. Haimpati kamwe kijana mwembamba mwenye miwani, hata awe anazikariri hesabu usingizini. Na goti la yule mwenye kiu likivunjika, mapenzi ya shule kwa ilimu yake nayo huwa na tabia ya kupoa, ikaonekana ghafula kwamba alama zake zina walakini.

Kanuni ya nne yahusu wanaolalamika. Yuko mtoto wa nyumbani, aliyeingia shuleni akiwa na meno ya utoto, akapanda timu moja baada ya nyingine akiingojea fulana ya timu ya kwanza, na mwaka wake wa mwisho ulipofika akaikuta imevaliwa na mgeni aliyewasili Januari. Mama yake huja ofisini kulia. Mwambieni kwamba benchi nalo ni darasa, na karo yake ni ileile. Yuko tena mwalimu wa shule iliyoachwa, ambaye alimwokota kijana alipokuwa hajui kukaba, akamfundisha mahali pa kuweka kichwa asije akavunjika shingo, akamrejesha kwao kwa gari lake baada ya mazoezi. Huyo naye ana thawabu yake: atamwona kijana wake katika runinga.

Sina budi kuwataja pia wasio na shukrani. Desemba 2018, shule kumi za daraja la 1A mjini Auckland, New Zealand, zilitia sahihi waraka kwamba msimu wa 2019 timu zao za kwanza hazitacheza na timu ya St Kentigern College, shule ya kulipia, kwa kuwa imezidi kuwachukua vijana waliokwisha kung'ara kwingine. Kumi, waheshimiwa! Nilikuwa tayari kuwapatanisha kwa ujira wa kiasi, lakini hawakuniandikia. Kabla msimu haujaanza suluhu ikapatikana, na mechi zikachezwa. Kilichonihuzunisha si ugomvi bali ni suluhu yenyewe, maana ilidhihirisha kwamba walimu wakuu wakikataa kuingia uwanjani, jambo hukomeshwa bila ya mtaalamu. Sisemi juu ya Auckland, nasema juu ya bin Adamu: kila shule niliyopata kuizuru ina orodha ndefu ya vijana iliyonyang'anywa, na haina hata mmoja iliyemnyang'anya mwenziwe. Wale wake walikuja wenyewe.

Insafu, basi, kwa tarifu yangu, ni kila shule kuwa na haki sawa ya kuchukua kadiri ya mfuko wake. Na yule mdogo atakayepondwa dakika zote 70 za mechi ya vijana asihesabu pointi, ahesabu adabu aliyoipata.

Naona mkono kule nyuma. Sema, bwana. Una kijana? Ana kilo ngapi? Mia na kumi na mbili! Mpisheni njia, jamani, apite mbele. Karibu, mwanangu, kaa hapa karibu nami. Haya, waambie hawa mabwana: wewe wapenda somo gani?