Kitabu Kisicholala Nyumbani kwa Mtu

Jaribu kumsifia mtu riwaya hapa Pemba, na jaladani pawe na neno mzimu, ndipo utawajua majirani zako. Mimi kila baada ya muda huirudia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, na kila nikiimaliza hunishika hamu ya kumpa mwingine naye aonje. Balaa huanzia hapo.

Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akasoma jina, akanirudishia kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, binti yangu ana mtoto mchanga ndani. Hiki hakilali kwangu."

"Bibi, ni hadithi ya upelelezi tu. Mna polisi ndani."

"Kama ni ya polisi, si wangeiita Polisi?"

Sikuwa na jibu. Sifa ya kisiwa chetu kwa uganga ilishavuka bahari zamani. Hata Mwingereza Evelyn Waugh aliitia katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931. Na mwandishi wetu, mzaliwa wa Makunduchi huko Unguja, hakutusaidia: riwaya iliyofuata, ya 1968, akaiita Kisima cha Giningi. Hiyo siitoi kabatini mbele ya wageni, maana huku kila mtoto anajua Giningi ni baraza la wachawi.

Kichekesho ni kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale, hana habari na mizimu. Tajiri anakutwa amekufa penye mzimu, watu wanatetemeka, yeye na kiko chake anachotaka kujua ni nani alikuwa wapi. Ni ndugu yake Sherlock Holmes, ila huyu anaijua adabu ya kupiga hodi. Hadithi ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958, ikachapwa 1960, na mwandishi alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Kwangu mimi hakuna mtu wa kilimo aliyeua kwa ustadi zaidi.

"Muuaji si unamjua, unarudia nini?" huulizwa. Namjua, naam. Mara ya kwanza nilikuwa mbioni kumkamata; sasa namtazama mwandishi anavyonizuga, ananichekesha kwa maneno ya Najum, mwenzake Bwana Msa, huku ushahidi anaupitisha mbele ya macho yangu.

Msimu wa karafuu ukanipa wasikilizaji. Usiku tumeuzunguka mkeka uani, tunachambua, karafuu huku, makonyo kule, vidole vinanata na hakuna awezaye kushika simu. Nikaomba nisamehewe kuchambua, niwasomee. Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Alipoingia Inspekta Seif mikono ikapungua kasi, na mambo yalipokolea ikasimama kabisa, kila mtu kashika kishada chake hewani.

"Karafuu zitavunda hizi kwa maiti ya watu!" akafoka shangazi.

Alikuwa na haki. Karafuu mbichi haingoji. Ikilala rundo bila kuchambuliwa na kuanikwa hupata joto, ikaharibika, na bei ikashuka. Tukapatana: wachambue pishi, nisome sura. Hata shangazi akakubali, tena nilimwona akiwahimiza wenziwe wamalize pishi upesi.

Tukafika patamu. Mpwa wangu, aliyekwisha kukisoma kitabu kwa siri yake, akapiga miayo na katikati ya miayo akamtaja muuaji.

Pakawa kimya. Kisha konzi ya makonyo ikampata usoni, sikuona imetoka kwa nani. Usiku ule tulimaliza kazi mapema kuliko usiku wowote wa msimu, maana hapakuwa tena na cha kusimamisha mikono.

Asubuhi mjukuu wa yule jirani akabisha hodi. "Bibi anauliza, ni kweli ni yule?" Kumbe ua wa makuti hauzuii sauti, na bibi alikuwa akinifuata neno kwa neno. Nikampelekea kitabu. Tangu hapo humtuma mtoto kukichukua jua likipanda, na kabla ya magharibi hukirudisha, kimefungwa ndani ya kanga.

Nanyi mkikipata kisomeni, na mkisharudia mara ya pili mpeni mwingine. Ila aliyemaliza afunge mdomo. Mwenzake bado yumo njiani.