Sifa za Soketi ya Tela

Wengine wasifu injini, wengine wasifu madereva. Mimi leo naisifu soketi ya tela, kile kikopo chenye matundu saba kinachoning'inia nyuma ya pikapu yangu, maana kwa tabia njema sijaona mfano wake Tarime wala Serengeti.

Fadhila yake kuu ni ukarimu. Toka Tarime mjini na tela la ndizi, pita Nyamwaga na Nyamongo, vuka Mto Mara uelekee Mugumu: hakuna mgeni atakayekataliwa. Vumbi la kiangazi huingia likakaa. Masika yakifika, tope hukuta vumbi limeshaandaa makao. Sisimizi huja na ukoo mzima. Maji nayo hukaribishwa, yakaila shaba polepole mpaka vipini vikageuka kijani. Kifuniko chake cha springi kilishang'oka zamani, nadhani kwa kuchoka kuonekana kinabagua watu.

Lakini ukarimu wenyewe utauona kwenye waya mweupe, waya wa eathi. Huo ukilegea, umeme haukati tamaa, hupiga hodi kwa jirani. Unakanyaga breki, moto unafika kwenye balbu ya breki, unakosa pa kutokea, basi unapenya kwenye taa ndogo na indiketa ili urudi garini kwa nyaya zisizo zake. Breki ikikanyagwa, indiketa zinapata mwanga hafifu. Indiketa ya kulia ikipiga, taa ndogo zinaitikia. Hakuna balbu inayofanya kazi peke yake, hakuna inayowaka sana kuliko mwenzake. Mwalimu, mzaliwa wa Butiama humu humu mkoani Mara, alituhubiria ujamaa kwa Azimio la Arusha mwaka 1967. Wanaoutekeleza mpaka leo bila kinyongo ni balbu za tela langu.

Fadhila nyingine nizitaje haraka: soketi inafundisha subira, inawapa riziki wauza fyuzi, na inamjulisha mtu kwa mafundi wote wa njiani.

Kuhusu mafundi, hapa niseme kidogo. Rangi za nyaya zina mpangilio unaojulikana: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe eathi. Nilipomkumbusha fundi wangu, alicheka. “Bosi, waya ni waya.” Akafunga nyekundu kila mahali, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Viungo alivisokota kwa vidole, hakuchomea risasi, akavizungushia nailoni ya mfuko uliopigwa marufuku tangu Juni 2019. Kisha akatia balbu za lori, za volti 24, kwenye gari la volti 12. Zikawaka kama mwali anayeona haya.

Basi mchana wa saa saba, jua la utosi, nikasimamishwa na trafiki. “Mzee wangu, kanyaga breki nione.” Nikakanyaga. Ujamaa ukaitikia wote. Shilingi 30,000, na namba ya malipo juu.

Sina ubishi, taa mbovu ni kosa. Ila saa mbili usiku, barabara ile ile, linapita trekta na tela la magunia ya mahindi bila taa hata moja, bila hata kipande cha kiakisi mwanga. Mbele yake lori bovu limeachwa njiani, na onyo lake ni matawi ya mti yaliyotupwa barabarani. Bodaboda anayetoka kumpeleka mgonjwa atayaona matawi hayo akiwa ameshayafikia. Na wa kuuliza hayupo! Wakaguzi wa taa walishaondoka pamoja na jua.

Taa ikaguliwe giza linapoingia, ndipo kazi yake ilipo. Mimi nitalipa tena 30,000, hata saa nne usiku na bila kununa, mradi mwenye trekta alipe kwanza.