Nyuki wa Majilio

Mama mkwe alipitisha amri mwishoni mwa Oktoba, mahindi yakiwa bado hayajamalizwa kupukuchuliwa: zawadi za Krismasi mwaka huu hazinunuliwi sokoni Arua. Zitatengenezwa hapa hapa nyumbani Pajulu, na kila mwenye mikono atatengeneza. Hakuna aliyebisha. Mama mkwe habishiwi, na sote tulijua karo za shule zinavyotungojea baada ya sikukuu. Taa za plastiki tulizonunua mwaka uliotangulia hazikufika Pasaka zikiwa nzima.

Lakini yeye hakutaja karo wala taa. Alitaja Zaire, Kongo ya leo. Baada ya vita vya 1979 watu wengi wa Nile Magharibi, kona hii yetu ya Uganda, walivuka mpaka, wengine Zaire, wengine Sudan, na miaka ikapita kabla ya kurudi. Mama mkwe alivuka kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni, mtoto ambaye leo ni mume wangu. "Kule hatukuwa na shilingi," alisema, "na Krismasi ilipofika hakuna mtoto aliyekaa mikono mitupu. Mama yangu alifuma, baba alichonga. Sasa mna nyumba ya matofali, mnaniambia hamwezi?" Baada ya maneno hayo mtu angebisha nini?

Kazi ikagawanywa. Wanangu wa kiume wakapewa vitambaa, yaani makombo ya vitenge ambayo fundi cherehani wa barabarani hutupa. Vitenge vya Kongo vimejaa Arua tangu nilipoolewa, na chini ya meza ya fundi utakuta rangi zote. Wakashona vifuko vya kutilia karanga na simsim ya kukaangwa, na vibendera vya pembetatu vya kutundika sebuleni. Hiyo kazi ilikwenda bila tabu na sina la kuisimulia. Binti mkubwa akachagua kujifunza kufuma tabaga, kawa ya ukindu. Mimi na mume wangu tukaangukiwa na mishumaa.

Habari ya mishumaa ililetwa na katekista wa kigango chetu. Aliwasimulia vijana wa kwaya juu ya Johann Hinrich Wichern, mchungaji wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini Hamburg, Ujerumani, katika nyumba iliyoitwa Rauhes Haus. Yasemekana watoto walikuwa wakimchosha kwa swali moja kila siku: Krismasi lini? Basi mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake, mikubwa minne ya Jumapili za Majilio na midogo ya siku za katikati, wakawa wanawasha mmoja mmoja mpaka siku yenyewe. Leo Wakatoliki na Waprotestanti wanawasha taji la Majilio duniani kote, na wengi hawajui kwamba lilianza na gurudumu na watoto wenye haraka.

Binti yangu aliposimulia, mume wangu aliinuka bila kusema neno, akaenda nyuma ya ghala na kurudi na rimu ya baiskeli. Ilikuwa ya marehemu baba yake. Kwa baiskeli hiyo mzee alibeba tumbaku, marobota kwa marobota, enzi ambazo tumbaku ndiyo ilikuwa fedha ya Nile Magharibi, na kwa fedha hiyo ndiyo walisoma watoto wake wote sita. Fremu iliuzwa zamani. Rimu ilibaki kwa sababu mama mkwe alikataa isiuzwe. Mume wangu akaisugua kutu kwa mchanga na maji. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akitazama, na alipoona chuma kimeanza kung'aa akaniambia nilete matawi ya saipresi, kwa sauti ya mtu anayeharakisha maneno yasimkwame.

Nta tuliipata kwa shemeji yangu wa Terego, mfugaji wa nyuki. Alituletea jerikeni iliyokatwa mdomo, imejaa masega yaliyokwisha kukamuliwa asali. Kukamuliwa ni neno la heshima tu, kwa maana vidole vilitoka vinanata. Namna ya kuitoa nta ni hii. Masega yanafungwa ndani ya kigunia pamoja na jiwe, yanazamishwa kwenye sufuria ya maji, moto unachochewa polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, mapema sana kabla ya maji kuchemka, ikapenya kwenye kigunia na kuelea juu, takataka zikabaki ndani na jiwe lao. Ukiacha ipoe inaganda, unainyanyua kama chapati. Kisha unaiyeyusha tena, safari hii sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maana nta ikikutana na moto uso kwa uso inawaka.

Kalibu zetu zilikuwa vikonyo vya majani ya mpapai. Kikonyo cha mpapai kina tundu toka mwanzo hadi mwisho, kila mtoto wa hapa amewahi kukitumia kunywea maji. Unakikata urefu wa shibiri, unaziba chini kwa udongo wa kichuguu, unapitisha katikati uzi wa pamba uliosukwa, unaufunga juu kwenye kijiti ili usimame wima. Tulivipanga vikonyo ndani ya ndoo ya mchanga, vimesimama mstari kwa mstari. Jua lilikuwa limepanda, kiangazi kimeingia, upepo wa vumbi unatoka upande wa kaskazini.

Nyuki wa kwanza alikuja yapata saa nne. Akazunguka mdomo wa sufuria, akatua kwenye jerikeni, akaondoka. Mama mkwe akamfuata kwa macho mpaka akapotea juu ya mwembe.

"Huyo ni mpelelezi," akasema. "Ingizeni watoto."

Tulikuwa tungali tunakusanya vyombo alipowaleta wenzake. Kwanza sauti, halafu kivuli kidogo juu ya ua, halafu hewa yote ikawa nyuki. Nyuki wakinusa asali iliyo wazi huja kuiba, na nyuki wetu wa Afrika hawaibi kwa upole. Mume wangu akapiga kelele, "Ndani!" Kitinda mimba wangu alinyanyuliwa na kaka yake akiwa bado ameshika kijiko cha nta. Tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa gauni langu la gomesi, na humo gizani tukaanza kuhesabiana. Watu tulitimia. Aliyebaki nje ni mbuzi, amefungwa chini ya mwembe kwa kamba fupi, na ng'ombe hufa kwa nyuki, sembuse mbuzi. Mbuzi mwenyewe ndiye wa Krismasi.

Mwanangu wa pili, ana miaka kumi na minne, hakuomba ruhusa. Alijifunika blanketi kuanzia kichwani, akatoka kwa mlango wa jikoni na kisu, akakata kamba. Mbuzi akaruka ukingo wa mihogo, akatokomea upande wa kijito. Kijana akarudi na miiba mitatu kwenye kifundo cha mguu na uso wenye fahari ambayo sitaisahau. Wifi yangu aliitoa miiba kwa kuikwangua na ubapa wa kisu. Cha maana ni kuitoa upesi.

Lakini sufuria ilibaki motoni. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Maji ya sufuria kubwa yalikuwa yanakauka, na yakikauka nta itashika moto, na sigiri ilikuwa hatua chache tu kutoka paa la nyasi la jiko. Mume wangu akalowesha blanketi lile lile kwenye pipa. Akachukua kinyesi kikavu cha ng'ombe kwenye kigae, akakiwasha mpaka kikafuka moshi mzito, akatoka akiusukuma moshi mbele yake. Tulimtazama kwa ufa wa mlango. Hakukimbia, maana kukimbia huwachochea. Alifika kwenye sigiri, akayamwaga makaa mchangani, akafunika sufuria kwa ungo, akarudi kwa mwendo ule ule. Alikuwa amechomwa shingoni na sikioni, na mama yake alimshika kichwa kwa mikono miwili, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, akamkwangua miiba huku akimsomea sala na kumgombeza kwa pamoja.

Kumbe nje ya lango palikuwa na mgeni. Haboba, bibi wa Kinubi anayekaa mtaa wa Oli mjini Arua, alikuwa amefika na mzigo wake wa ukindu kuja kumfundisha binti yangu. Aliliona wingu la nyuki akasimama. Akapiga ukelele kwamba hakuna kutoka mpaka jua lizame, kisha akaenda kukaa barazani kwa jirani, akafungua mzigo wake na kuendelea kufuma. Wanubi wamekaa nasi muda mrefu. Mababu zao walikuwa askari wa gavana Emin Pasha, Kapteni Lugard wa Uingereza akawachukua kutoka pande za Ziwa Albert mwaka 1891, na wajukuu wao wako Arua, Koboko, Bombo hadi Kibera ya Nairobi. Haboba amewafundisha kufuma mabinti wengi kuliko anavyoweza kuwataja, Waislamu na Wakristo, na hajawahi kumtoza mtu.

Jua lilipozama nyuki waliondoka. Giza likiingia nyuki harudi, anakaa mzingani. Basi kazi yote ilianza upya saa moja usiku, ndani ya jiko lililofungwa, kwa taa ya sola. Haboba alikaa nasi. Mimi nilimimina, mume wangu na sikio lake lililovimba akawa ananyoosha nyuzi, kitinda mimba akashika ndoo ya mchanga isitikisike. Nyumba ilijaa harufu ya nta mpaka vitanda vilinukia. Asubuhi tulipasua vikonyo kwa wembe, na mishumaa ikatoka mmoja mmoja, ya manjano iliyoiva, laini, myembamba juu na minene chini kama kikonyo chenyewe kilivyo. Minne mikubwa tukaifunga kwenye rimu kwa waya. Jumapili ya kwanza ya Majilio mama mkwe ndiye aliyewasha.

Tabaga nayo ina kisa chake. Ni kawa ya Kinubi, sahani kubwa ya ukindu ya kufunikia chakula au kutundika ukutani, na uzuri wake ni rangi: nyekundu, zambarau, kijani na manjano zinazofuatana kwa mizunguko. Ukindu unachemshwa na rangi, unaanikwa, unaloweshwa tena ili ukubali kupinda, kisha unazungushiwa moyo wa majani makavu, unashonwa mzunguko kwa mzunguko. Ukivuta sana unakatika. Ukilegeza, kawa yote inapinda. Binti yangu alianika ukindu mwekundu uani, na mbuzi, aliyekuwa amerejea kutoka kijitoni kwa hiari yake, akaula. Watoto walimwona mdomo mwekundu wakalia kwamba anakufa kwa nyuki. Hakufa. Haboba akasema rangi imekwisha, mizunguko inayobaki itakuwa ya zambarau, na kwa kweli ikapendeza zaidi.

Wiki ya mwisho nikapeleka zawadi za Koboko, kwa dada zangu, kilomita kama 55 kwa lami. Vifuko vya simsim vilifika salama. Mishumaa niliiweka juu ya mzigo, gari likakaa juani likingoja abiria, na tulipofika ilikuwa imepinda yote. Dada yangu mkubwa hakusikitika hata kidogo. Aliitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaibingirisha mmoja mmoja juu ya meza kwa kiganja mpaka ikanyooka. Akasema iliyonunuliwa dukani isingekubali.

Siku ya Krismasi mtoto wa Haboba ndiye aliyemchinja mbuzi kwa bismillahi, kama tunavyofanya kila mwaka, ili kila anayeketi mezani ale kwa amani. Kulikuwa na enyasa, yaani ugali wetu, maharagwe, mchuzi, na watu mpaka nje. Katikati ya sebule, chini ya vibendera vya kitenge, rimu ya marehemu mzee ilikuwa inawaka mishumaa yote minne. Ndipo binti yangu akampa Haboba tabaga yake ya kwanza. Haboba aliigeuza, akapitisha kidole pembeni polepole, akarudi nyuma, akapitisha tena.

"Mzunguko wa nne umelegea," akasema. "Zawadi nimeipokea, mwanangu, Mungu akubariki. Kesho uilete tuifumue."

Binti aliipeleka Oli tarehe 26. Akarudi jioni tabaga ikiwa imefumuliwa hadi mzunguko wa nne, na ujumbe: mjukuu wa Haboba anaolewa Februari, wanataka mishumaa ya nta arobaini kwa ajili ya meza za wageni, na malipo yatakuwa ukindu uliokwisha kutiwa rangi. Mama mkwe akaagiza jerikeni irudishwe Terego kesho yake. Mume wangu akasema sawa, ila tutapika usiku.